Usilipe kianzio kabla hujaenda pale saa nne asubuhi

Dada, simama hapohapo. Umesema mama ana miaka 74, ana kisukari, aliteleza bafuni, anashinda peke yake Tabata kwa kuwa wewe unarudi usiku, na sasa umepata kituo cha kulea wazee upande wa Bunju chenye "mazingira tulivu". Umeuliza bei, umeuliza chakula, umeuliza kama aende na vitu vyake. Halafu katikati umepenyeza sentensi moja kama jambo dogo: wamewaambia msiende kumwona mwezi mzima wa kwanza ili azoee. Hiyo ndiyo iliyonifanya nishindwe kulala bila kukujibu. Sisi tuliambiwa hivyohivyo, tukatii, na baba yangu hajatembea mwenyewe mpaka leo.

Baba alikuwa fundi cherehani Magomeni. Cherehani ya kukanyaga, barazani, kila anayepita anamsalimia. Hata alipoacha kushona aliendelea kushinda palepale: asubuhi kahawa na kashata, mchana kidogo kitandani, alasiri anakwenda msikitini kwa miguu, akirudi anapitia kwa wazee wenzake kwenye bao. Mama alipofariki akaanza kusahau. Jiko la gesi linaachwa wazi, mlango unaachwa wazi, siku nyingine anatoka anakutwa Manzese anatafuta duka lililobomolewa zamani. Sisi watoto wote tupo kazini. Dada wa kazi walikuja na kuondoka. Kwa hiyo wale mliotangulia humu kusema kumpeleka mzazi kituoni ni laana, njooni mlale kwetu wiki moja, muwe nyinyi mnaoufunga mlango saa tisa usiku mzee akilia anataka kwenda dukani kwake, kisha tuendelee na mjadala.

Aliyetuunganisha na kituo alijiita mshauri wa familia. Tulikuja kujua baadaye ni dalali kama dalali wa vyumba, analipwa kwa kila mzee anayempeleka. Alitufungulia picha kwenye simu: marumaru, kiyoyozi, bustani, geti la umeme, runinga imeziba nusu ya ukuta. Akatupeleka Jumamosi. Wazee walikuwa wamevalishwa vizuri, wamepakwa mafuta, muziki unapigwa, juisi inazungushwa, wanapiga makofi. Shangazi yangu alitokwa na machozi ya furaha. Tukalipa kianzio na miezi mitatu mbele.

Siku ya kumpeleka, msimamizi akatukalisha ofisini. "Mkija mapema atalia, atataka kurudi nanyi, mtatuharibia kazi. Mpeni mwezi." Alisema kwa upole, ameniwekea mkono begani. Nikipiga simu naambiwa mzee yuko salama, anakula, anapumzika. Anapumzika! Neno hilo silipendi tena.

Tulipokwenda, tulikuta viti vya plastiki vimepangwa mstari mmoja mbele ya runinga. Katuni za watoto, kwa lugha ambayo hakuna mzee hata mmoja pale aliyeijua. Wengine wameinamisha vichwa wamelala. Baba alikuwa wa tatu kutoka dirishani, amefungwa khanga kiunoni kwenye mgongo wa kiti, "asianguke". Alikuwa ameshika pindo la shuka lililokuwa mapajani, analipitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, anafika mwisho wa pindo, anarudi mwanzo. Alikuwa anakagua mshono. Mtu aliyefanya kazi ile maisha yake yote, pale ndani hakupewa hata kitambaa.

Nikafungua ile khanga nikamwambia, baba twende nje kidogo. Akashika mikono ya kiti, akajisukuma, akarudi chini. Akajaribu tena, magoti yanatetemeka, akarudi chini. Akaniuliza kama miguu nayo wameifunga.

Aliingia pale anatembea kwa bakora, dada. Alitoka amebebwa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo tuliyempelekea baadaye ndiye aliyenifungua macho. Mwili wa mzee ukikalishwa, misuli inayeyuka haraka kuliko ya kijana, na kuirudisha ni kazi ya miezi. Alinieleza utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007: wazee wenye afya nzuri walilazwa kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Siku 10, na hao hawakuwa wagonjwa! Sasa mpigie hesabu mama yako, ambaye tayari ameteleza bafuni na anaogopa, akikalishwa mwezi mzima na watu wanaoogopa kuliko yeye. Watakwambia wanamzuia asianguke. Kumbe kadiri anavyokalishwa ndivyo miguu inavyoisha, na siku atakayoinuka mwenyewe kwenda chooni, hapo ndipo ataanguka kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu wa miaka 65 na zaidi afanye mazoezi ya nguvu na ya kujimudu asiyumbe angalau siku tatu kwa wiki, kwa kadiri afya yake inavyoruhusu. Kusimama na kukaa kwenye kiti mara kadhaa ameshika meza ni zoezi. Kutembea mpaka getini kumpokea muuza mboga ni zoezi. Halihitaji mashine.

Na miguu ni nusu tu. Baba alikuwa ameacha kuzungumza. Anajibu "ndiyo" kwa kila kitu. Tulidhani usahaulifu umezidi ghafla, kumbe sehemu kubwa ilikuwa maji. Mzee hasikii kiu kama wewe, na joto la Dar la Januari unalijua. Asipokumbushwa kunywa anachanganyikiwa kabisa, mnasema kichwa kimeharibika. Wahudumu walikuwa wanawabania maji ili wasikojoe mara kwa mara, pempasi zisiishe. Hilo alikuja kuniambia mhudumu mmoja alipoacha kazi pale. Na kwa sababu wanasinzia mchana kutwa mbele ya runinga, usiku hawalali, wanahangaika, basi wanapewa dawa ya usingizi, asubuhi wanaamka wazito, wanarudishwa kwenye viti. Mduara unazunguka hivyo, na wewe uko kazini unaambiwa anapumzika.

Kwa nini walitaka tusiende? Kwa sababu tungeona. Mimi sioni sababu nyingine. Mzazi kulia mnapoondoka ni jambo la kawaida, hata mtoto wa chekechea analia, na dawa yake ni kurudi kesho, akaona unarudi. Mzee mwenye kusahau ukimpotea mwezi, hajui kama ni mwezi. Anachojua ni kwamba ameachwa. Yule msimamizi alitufundisha kumtelekeza baba na tukalipia mafunzo. Na yule "mshauri", popote alipo anaendelea kuonyesha watu picha za marumaru. Nimeshamwambia usoni, nitasema na hapa: wewe unauza wazee.

Sasa sikiliza. Kabla hujatoa hata shilingi, nenda pale saa nne asubuhi, siku ya kazi, bila taarifa. Usiende Jumamosi, Jumamosi ni maonyesho. Saa nne chai imeshapita, usafi umeisha, chakula cha mchana bado. Ndipo unapoona maisha yenyewe. Getini sema umekuja kuuliza nafasi. Wakikuzuia kuingia, umeshapata jibu, panda daladala urudi mjini. Wakikuruhusu, omba kukaa na wazee, uache ofisi yao na vipeperushi vyao. Kaa muda wa kutosha mpaka wasahau kuwa upo.

Angalia nani amesimama. Angalia kama kuna jagi la maji karibu na mkono wa mzee au limewekwa juu ya kabati kama pambo. Sikiliza kama mhudumu anamwita mzee kwa jina lake au wote ni "bibi" na "babu". Muulize mzee yeyote mwenye kauli: leo umefanya nini? Akikwambia ameosha uso wake mwenyewe, amechambua mchele, amegombana na mtu juu ya drafti, hapo pana uhai. Akikutazama tu, au mhudumu akiwahi kumjibia, usimwache mama yako hapo.

Nilisoma baadaye kuhusu watafiti wawili, Ellen Langer na Judith Rodin, waliofanya jaribio kwenye nyumba ya wazee huko Connecticut, Marekani, matokeo yakatoka mwaka 1976. Kundi moja la wazee liliambiwa liamue lenyewe mambo yake, na kila mmoja akapewa mmea autunze mwenyewe. Kundi la pili nalo lilipewa mimea, ila likaambiwa wauguzi watashughulikia kila kitu. Lile la kwanza likachangamka zaidi, likawa macho zaidi, likashiriki mambo zaidi. Mmea tu, jamani! Fikiria mama yako na kuku wawili, au sufuria la mchicha, au ukili wa kusuka mkeka.

Swali lako la vitu vyake: ndiyo, mpelekee, na usimpelekee nguo peke yake. Peleka kazi yake. Hukusema mama alikuwa anafanya nini. Kama alipika vitumbua, atafutiwe pa kukaa jikoni. Kama ana kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, hiki ndicho kitu cha kupima kabla ya vyote: wenzake watafikaje Bunju? Mama wa Tabata mwenye miaka sabini na kitu, abadilishe daladala mara mbili kwenda na mbili kurudi kumwona mwenzake? Atakwenda mara moja, basi. Huo "utulivu" wanaokuuzia maana yake hakuna mtu anayepita. Mzee wa mjini huu amezoea kelele, amezoea muuza samaki, adhana, kengele ya kanisa, redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo. Ukimwekea ukimya umemzimia dunia.

Baba sasa yuko Temeke, nyumba ya muuguzi mstaafu, wazee wachache, rangi ya ukuta imebabuka na hakuna kiyoyozi, ni feni. Baraza linatazama barabara. Muuza kahawa anasimama pale kila jioni, anawajua kwa majina na anajua nani haruhusiwi sukari. Kuna ubao wa drafti wa kuchezea visoda. Alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mama mwenye nyumba alimletea kopo la vifungo na sindano, na sasa sare zote za wahudumu anazikarabati yeye. Wazee wenzake wa Magomeni wanakuja kwa zamu. Hatembei, kiti cha magurudumu ndicho kinamfikisha barazani, na hilo haliwezi kurudi nyuma. Ila anagombana tena. Juzi alinisema mbele ya watu kwa shati langu, kola imeshonwa vibaya.

Aliyesema juu huko "mpeleke Nunge tu", Nunge ya Kigamboni ni makazi ya serikali kwa wazee wasiojiweza ambao hawana mtu wa kuwatunza, na wanapokelewa kupitia ustawi wa jamii. Mama huyu ana mtoto anayehangaika usiku kumuulizia. Tena Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema wazi kwamba familia ndiyo ya kwanza, makazi ni hatua ya mwisho. Na wewe dada, kama kuna binti wa jirani pale Tabata anayeweza kushinda naye mchana kwa malipo, jaribu hilo kwanza.

Chakula: ulizia hasa wanafanyaje sahani ikichelewa. Kama mama anachoma insulini halafu ugali ukachelewa, sukari inashuka, na kwa mzee hiyo ni hatari ya haraka kuliko soda aliyoiba. Mengine daktari wake atakupangia.

Na kama kianzio umeshakitoa, usiogope kukipoteza. Nenda hivyohivyo, saa nne. Waambie iandikwe kwenye mkataba kwamba mtamwona siku yoyote, saa yoyote ya mchana, kuanzia siku ya kwanza, na kwamba hafungwi kwenye kiti. Wakisema utaratibu wa kituo hauruhusu, mshike mama mkono mwondoke naye, pesa yao waachie. Nitumie ujumbe wa faragha nikupe namba ya yule muuguzi wa Temeke. Nafasi hana kwa sasa, ila anawajua wenzake wanaofanya kama yeye, na anakubali kupigiwa simu baada ya magharibi.