Sikio linalotoa usaha bila kuuma, na koo linalougua mara kwa mara: ni wakati gani wa kwenda hospitali?

SWALI: Daktari, hujambo. Ninaishi Ahero, Kaunti ya Kisumu. Mwanangu wa kiume ana miaka 4. Tangu alipougua mafua makali wakati wa mvua za Aprili, sikio lake la kushoto hutoa usaha, hukauka wiki moja au mbili, kisha huanza tena. Halimuumi, na anakula na kucheza kama kawaida. Jirani amenishauri nitie mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto. Dada yake wa miaka 11 huugua koo kama mara tatu kwa mwaka, na mama mkwe anasisitiza akatwe kimeo. Baba yao naye sauti imekwaruza kwa miezi miwili sasa, ila hana maumivu na hataki kwenda popote. Ni nani kati yao anayestahili kupelekwa hospitali, na ni nani ninayeweza kumtunza nyumbani?

JIBU: Nianze na jawabu lenyewe, mama, kisha nieleze sababu. Mtoto wa kiume apelekwe kituo cha afya wiki hii, asingojewe sikio likauke tena. Baba yao naye aende, na kule kutokuwa na maumivu kusimzuie. Msichana ndiye ambaye mara nyingi utaweza kumtunza nyumbani, mradi ujue dalili za kutazama. Huenda mpangilio huu ukakushangaza, kwa kuwa anayelia na kulalamika katika nyumba yako ni huyo msichana, lakini katika magonjwa ya masikio na koo maumivu ni kipimo kibovu cha hatari. Ugonjwa wa ghafla huuma sana na mara nyingi hupona, ilhali ule unaoharibu polepole unaweza kukaa miezi mingi bila kumkosesha mtu usingizi.

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, ambacho kimeunganishwa na sehemu ya nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo mafua yanapovimbisha njia za pua, vijidudu hufika chumbani kwa urahisi na hewa hukosa njia. Usaha hujaa, kiwambo husukumwa nje, na hapo ndipo mtoto hulia usiku kucha akiwa ameshika sikio. Kiwambo kikipasuka, usaha humwagika na maumivu hupungua ghafla. Wazazi hufurahi asubuhi hiyo, na wana haki ya kufurahi, kwa sababu mara nyingi tundu hilo hujifunga lenyewe baada ya wiki chache. Lisipojifunga, maji na vijidudu hupata njia ya kuingia kutoka nje, usaha hurudi kila anaposhikwa na mafua au sikio linapoingia maji, na kwa kuwa hakuna tena kinachousukuma ukiwa umefungiwa ndani, mtoto hasikii maumivu. Kwa jinsi ulivyoeleza, hilo ndilo ninaloshuku kwa mwanao, ingawa lazima mtu amulike sikio ili kulithibitisha.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu watoto wadogo, ambao vituo vyetu vya afya huutumia, huweka mpaka kwenye siku 14. Sikio lililotoa usaha kwa muda mfupi kuliko huo, au linalouma, huhesabiwa kuwa na ugonjwa wa ghafla, na mtoto hupewa amoksisilini ya kunywa kwa siku 5 pamoja na dawa ya maumivu. Likifikisha siku 14 au zaidi, ugonjwa umekuwa sugu na matibabu hubadilika: kazi kubwa hufanywa na kukausha sikio na matone ya dawa yanayoingia humo humo, wala si vidonge wala dawa ya maji ya kunywa. Naeleza tofauti hii kwa sababu wazazi wengi hununua chupa ya amoksisilini kwenye duka la dawa kila usaha unaporudi, na mtoto akanywa chupa baada ya chupa kwa ugonjwa ambao dawa hiyo haiufikii vizuri.

Kukausha sikio unaweza kuanza leo jioni. Nawa mikono, chukua kipande cha kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, au karatasi laini ya shashi isiyokatika ikilowa, kisha ukisokote kiwe utambi wenye ncha. Vuta sikio la mtoto juu kidogo na kwa nyuma ili njia inyooke, ingiza ncha ya utambi taratibu bila kuisukuma kwa nguvu, na uiache inyonye. Ukiitoa imelowa, itupe, weka nyingine safi, na uendelee hivyo mpaka utambi utoke mkavu. Fanya hivyo mara tatu au zaidi kwa siku. Usitumie kijiti cha pamba, njiti ya kiberiti wala unyoya wa kuku, na usiache pamba ndani ya sikio kutwa nzima, kwa kuwa huzuia usaha na kuufanya uoze humo.

Matone hutiwa baada ya kukausha, kwa maana matone yanayotiwa juu ya usaha huelea tu. Mara nyingi huwa ni siprofloksasini kwa wiki mbili. Mlaze mtoto ubavu sikio bovu likiwa juu, tia matone, kisha bonyeza mara kadhaa kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio ili dawa isukumwe ndani. Akikuambia ameonja uchungu kooni, usishtuke: dawa imepita kwenye tundu la kiwambo na kushuka kwa ule mrija, na hilo lenyewe ni taarifa ya kumpa tabibu wake. Usijichagulie matone dukani, kwa sababu baadhi yake, yakiwemo ya jentamaisini, yanaweza kudhuru sehemu ya ndani inayosikia iwapo kiwambo kina tundu. Mafuta ya jirani nayo yaachwe jikoni. Mafuta husaidia kulainisha nta iliyokauka au kumuua mdudu aliyeingia katika sikio ambalo kiwambo chake ni kizima, lakini katika sikio lenye tundu hayana kazi yoyote ya tiba, na yakiwa moto yataunguza.

Kuna jambo moja ambalo kwa mtoto wa Ahero ni gumu kuliko dawa zote, nalo ni maji. Ninajua watoto wa huko huogelea katika mifereji ya mashamba ya mpunga na katika mto Nyando, na kumkataza mtoto wa miaka 4 kuwafuata wenzake si kazi ndogo. Hata hivyo, mpaka kiwambo kithibitishwe kuwa kimefunga, asipige mbizi. Wakati wa kuoga, ziba tundu la sikio kwa pamba uliyoipaka mafuta mazito ya mgando, na uitoe mara tu amalizapo.

Ukienda kituoni, uliza mambo mawili: je, kiwambo kina tundu, na mtoto anasikia kiasi gani? Mtoto mwenye sikio sugu mara nyingi husikia nusunusu, akaitwa mkaidi nyumbani na mzito darasani, ilhali anachohitaji ni kuketi mbele na kusemeshwa akimwona mwalimu usoni. Ikiwa wiki mbili za kukausha na matone hazitatosha, au usaha una harufu mbaya ya kuoza isiyoisha, apewe barua ya kwenda kwa wataalamu wa masikio, pua na koo. Kwako njia ni kuanzia hospitali ya Ahero hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia. Msomaji wa Kakamega au Nakuru atapata rufaa kama hiyo katika hospitali kuu ya kaunti yake. Harufu hiyo naitilia mkazo kwa sababu wakati mwingine inatokana na ngozi inayoota ndani ya kile chumba na kula mifupa midogo iliyomo, na tiba yake ni upasuaji.

Zipo dalili ambazo hazingoji wiki wala kesho: uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, hasa ukilisukuma sikio mbele, uso kupinda upande mmoja, kizunguzungu, au homa inayoandamana na kutapika, kichwa kuuma sana na shingo kukakamaa. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku, kwa kuwa maambukizi yanaweza kuwa yameingia mfupani au yanaelekea kwenye ubongo.

Sasa msichana. Koo linalouma pamoja na kikohozi, kamasi na sauti kukwama kwa kawaida husababishwa na virusi, na virusi havisikii antibayotiki. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake, maji ya kutosha, na asukutue koo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Atapona ndani ya wiki moja hivi. Usimpe aspirini. Koo la kuangaliwa ni lile linaloanza ghafla kwa homa, bila kikohozi wala kamasi, tezi chini ya taya zikiwa zimevimba na kuuma, na tonsili, vile vinyama viwili vya pande za koo, zikiwa na madoa meupe ya usaha. Hilo huenda ni la bakteria aina ya streptokoka, ambao huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na hapo apimwe na kutibiwa kwa penisilini ya kunywa kwa siku 10, au kwa sindano moja ya penisilini ya muda mrefu. Siku hizo 10 zitimie hata kama maumivu yameisha siku ya tatu. Streptokoka asiyetibiwa anaweza, wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, kuleta homa ya baridi yabisi: viungo huvimba na kuuma kwa kuhamahama, mtoto hupumua kwa shida, na vali za moyo zinaweza kuharibika kwa maisha yake yote. Wagonjwa wa moyo wa aina hiyo, wengi wao vijana, bado tunawaona katika wodi zetu, na baadhi yao hawakumbuki kabisa kuwa waliwahi kuugua koo.

Kuhusu kimeo, naomba umwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba kukikata hakuzuii koo kuuma, kwa sababu si kimeo kinachougua bali ni tonsili na kuta za koo. Mkato huo ukifanywa nyumbani huleta kutokwa damu nyingi, maambukizi na hata pepopunda. Kuhusu kuondoa tonsili hospitalini, kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni koo kali mara 7 au zaidi katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Kwa hiyo andika tarehe za kila anapougua katika kijitabu chake cha kliniki, pamoja na kama alikuwa na homa. Akishindwa kumeza hata mate, akitokwa na udenda, asipoweza kufungua kinywa au akianza kupumua kwa mlio, usimkandamize ulimi kwa kijiko ili utazame. Mwache aketi jinsi anavyoona nafuu, na mkimbize hospitali.

Baba yao namwandikia kwa ufupi, kwa kuwa ushauri wake ni mmoja. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu kwa mtu mzima haitibiwi kwa tangawizi wala dawa ya kikohozi mpaka nyuzi za sauti zionekane. Huenda ni uvimbe mdogo wa kawaida unaowapata watu wanaopaza sauti kutwa, kama makanga na wahubiri. Huenda ni kifua kikuu, ambacho kinaweza kushika hata kisanduku cha sauti. Na huenda ni saratani, hasa ikiwa anavuta sigara au anakunywa pombe kali. Saratani ya nyuzi za sauti ikikutwa mapema hutibika vizuri, na katika hatua hiyo haiumi. Muulize pia kama chakula kinamkwama, kama amepungua uzito, au kama ana uvimbe shingoni, na jibu likiwa ndiyo, safari isicheleweshwe hata kwa siku chache. Kwa kuwa utampeleka mtoto Ahero wiki hii, nenda naye siku hiyo hiyo, apimwe makohozi na aombe barua ya rufaa ya kutazamwa koo kwa kamera.