Je, Usubi wa Kihambani Hupofusha Macho?

SWALI: Ndugu Mhariri, naishi Moshi, karibu na Msitu wa Rau, na kihamba changu kimepakana na mfereji. Jua linapozama, hasa wakati wa masika, tunashambuliwa na vidudu vidogo kuliko punje ya ulezi, ambavyo hupenya hata matundu ya chandarua na kuwaachia watoto vipele vinavyowasha kwa siku kadhaa. Jirani anasema huo ni usubi, na kwamba usubi hupofusha macho. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, jirani yako amelitaja jina sawasawa, ila jina hilo wameitwa wadudu wa familia mbili tofauti. Ugonjwa wa usubi, unaopofusha macho na ambao umewatesa watu wa Mahenge mkoani Morogoro, huenezwa na inzi mweusi mwenye kibyongo wa familia ya Simuliidae, ambaye huuma mchana, na ambaye viluwiluwi vyake hung'ang'ania mawe katika mito iendayo kasi. Hao wa kwako, kwa umbo na saa unazozitaja, wanaelekea kuwa wa familia ya Ceratopogonidae, yenye spishi zaidi ya 6,000, wengi wao wakiwa na urefu wa milimita 1 hadi 3 tu. Hawaenezi upofu huo, wala malaria.

Anayeuma ni jike, kwa kuwa anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Dume hujilia maji matamu ya maua. Mazalio yao ni tope lililotulia, samadi mbichi na, kwetu sisi wa migombani, mashina yanayooza baada ya ndizi kukatwa. Lipasue kwa panga shina lililolala kwa majuma kadhaa, ulichungulie kwenye majimaji yake meusi, na huenda ukakuta vifunza vyembamba kama uzi vikijinyonganyonga.

Kwa hiyo yapasue mashina hayo uyaanike juani, na uliweke banda la mifugo likiwa kavu, hasa ukifuga kondoo, maana baadhi ya usubi hawa huwaambukiza virusi vya ugonjwa wa ulimi wa buluu. Nakusihi usipulizie sumu mferejini wala msituni, kwani jamaa zao ndio wachavushaji wakuu wa maua ya kakao, zao linalowalisha wakulima wengi wa Kyela. Usiku, tumia chandarua chenye matundu madogo zaidi. Na kama una umeme, washa feni, kwa sababu wadudu hawa hawana nguvu ya kuruka dhidi ya upepo.