Sura ni yako, picha si yako

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi ni mwanamitindo, niko chini ya wakala. Pembeni ninaimba na nimesharekodi nyimbo 6. Mmoja umeombwa na mwongozaji wa filamu fupi ambayo na mimi nimeigiza. Vilevile ninachora. Nina turubai 12 nilizochora kutoka kwenye picha za kampeni za mavazi nilizofanya, na moja nataka iwe jalada la albamu. Meneja mpya anasema picha zile ni zangu kwa sababu aliyemo ni mimi, tena mtu akibadilisha asilimia 30 kazi inakuwa yake. Anataka nisaini mkataba mmoja wa muziki, filamu na uchoraji kwa pamoja. Mkataba wa namna hiyo uandikweje?

JIBU: Dada, usiandikwe kwanza. Tuanze na hiyo asilimia 30, maana haipiti muda mrefu bila mtu kuniletea hoja hiyo, na kila anayeileta ameambiwa na meneja.

Sheria ya hakimiliki haihesabu asilimia. Hakimu hashiki rula apime umebakiza kiasi gani. Anaangalia kama ulichochukua ndicho kiini cha kazi ya mwenzako, na umekichukua kwa matumizi gani. Unaweza kubadilisha rangi zote, ukafuta na mandhari ya nyuma, lakini pozi, mwanga na pembe ya kamera vikibaki vilevile, umebakiza kile hasa alichokitolea jasho mpiga picha. Uzushi huu una ndugu zake: bahasha unayojitumia mwenyewe kwa posta ili muhuri uwe ushahidi, maneno “sidai haki yoyote” chini ya picha ya mtu, na kumtaja mpiga picha kana kwamba kumtaja ni kumlipa. Vyote hivyo havikupi ruhusa ya kuitumia kazi ya mtu.

Kesi ya kukufaa ipo. Mwaka 1981 Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lilimlipa dola 400 ili mchoraji Andy Warhol aitumie picha hiyo kuchorea, kwa toleo moja tu. Warhol akatengeneza michoro 16. Prince alipofariki mwaka 2016, mchoro mmoja ukawekwa kwenye jalada la jarida jingine, wakfu wa Warhol ukalipwa dola 10,250 na Goldsmith hakupata kitu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa majaji 7 dhidi ya 2: matumizi yale ya jalada hayakuwa na kinga. Ikiwa wakfu wa Warhol, pamoja na mkono wa Warhol unaotambulika toka mbali, ulishindwa, sijui meneja wako anategemea nini.

Zingatia lakini kwamba uamuzi ule uligusa mchoro kukodishwa kwa jarida, siyo kila turubai iliyotundikwa ukutani. Kwa hiyo katika vitu vyako, jalada la albamu ndilo lililo karibu zaidi na moto. Nakala za kuuza zinafuata.

Na hilo la “aliyemo ni mimi”? Kwa kawaida hakimiliki ya picha huanzia kwa mpiga picha, au kwa aliyemwajiri ikiwa sheria au mkataba umesema hivyo. Wewe una haki ya sura yako, yaani uwezo wa kumzuia mtu asiuzie bidhaa kwa uso wako bila ridhaa. Haki hiyo haikupi umiliki wa picha, na kwenye kampeni zile ulikwisha kuitoa uliposaini fomu ya ridhaa kabla ya kupakwa poda. Emily Ratajkowski, mwanamitindo aliyeingia pia kwenye filamu, alishtakiwa mwaka 2019 kwa kuweka kwenye ukurasa wake picha aliyopigwa barabarani. Katika picha hiyo uso wake haukuonekana hata kidogo, ameuficha nyuma ya shada la maua. Aliyemshtaki ni mpiga picha. Kesi iliisha kwa maelewano mwaka 2022.

Basi mwandikie kila mpiga picha, umwombe leseni inayotaja matumizi moja moja: turubai halisi, nakala, jalada. Soma pia mkataba wa kampeni yenyewe, kwa sababu kampuni ya mavazi inaweza kuwa imekuzuia kuitumia taswira ile kibiashara. Wengi wakiombwa vizuri hukubali kwa malipo madogo au kwa turubai moja. Au jichore kwa kioo, hapo hakuna wa kumwomba.

Mameneja wa aina hii wote wana Grace Jones mdomoni: alitoka kwenye mitindo, akaimba, akaigiza, na wewe utafuata. Hawaongezi kwamba taswira yake maarufu kuliko zote, ile ya mguu mmoja umenyooshwa nyuma, iliundwa na Jean-Paul Goude kwa kukata na kuunganisha picha kadhaa, maana mwili wa binadamu hauwezi kukaa vile. Wala hawakuambii kwamba Carla Bruni, naye mwanamitindo, aliandika mashairi ya nyimbo kwenye albamu ya mwimbaji Julien Clerc ya mwaka 2000, kabla hajatoa ya kwake mwaka 2002. Mwandishi wa mashairi ana haki hata asipoimba.

Hapa ndipo wanamitindo wanapoumia. Mkataba wa kimataifa wa Roma wa 1961 unamlinda msanii mtendaji: mwigizaji, mwimbaji, mpiga ala, mcheza dansi. Anayepiga pozi kwa picha ya mnato hatajwi. Ule wa Beijing wa 2012, unaotumika tangu 2020, ukaimarisha haki za waigizaji wa filamu. Maana yake, siku ulipofungua mdomo studio ulipata haki ambazo hukuwahi kuwa nazo miaka yote ya jukwaani. Mwanamitindo hajui, anasaini karatasi ya studio kwa mazoea yaleyale ya fomu ya ridhaa, haki inamponyoka siku hiyohiyo.

Wimbo unaoombwa una vitu viwili: utunzi na rekodi. Mwongozaji anahitaji ruhusa ya vyote. Prodyuza aliyetengeneza biti, kama hamkuandikiana, anaweza kudai sehemu kwenye utunzi na kwenye rekodi. Malizana naye kwanza. Kisha tazama karatasi uliyosaini kama mwigizaji. Ikisema umewaachia “michango yote”, huenda wimbo umeshaondoka nayo.

Kuhusu mkataba mmoja wa kubeba kila kitu: huenda wakala wako tayari ana kifungu cha “huduma zote za burudani”, na ukisaini kwingine utalipa kamisheni mara mbili kwa kazi ileile. Kazi tatu, mikataba mitatu, kila mmoja na muda wake na mlango wa kutokea.

Na nawaambia wote, maana barua za aina hii zinaongezeka: siku hizi fomu zinaomba pia skani ya mwili na sampuli ya sauti. Jimbo la New York lina sheria iliyoanza kutumika Juni 2025, inayotaka ridhaa ya nakala ya kidijitali ya mwanamitindo iwe ya maandishi yanayojitegemea, si kifungu ndani ya mkataba mwingine, ikieleza matumizi, malipo na muda. Hata usipofanyia kazi huko, dai hayo hayo. Karatasi ikisema “kwa teknolojia iliyopo na itakayobuniwa, milele”, kata mstari huo kwa kalamu, weka saini yako ndogo pembeni, na upande wa pili nao uweke ya kwao. Nakala za yote uliyokwisha kusaini, ziombe kwa wakala kabla hujamjibu meneja.