Umeokoka na bado unaanguka: usiikimbie Meza ya Bwana

Bwana Yesu asifiwe, mkuu. Umeuliza kama mtu aliyeokoka siku nyingi, ambaye bado anamfokea mkewe na bado anadanganya wateja dukani, aendelee kushiriki Meza ya Bwana, yaani mkate na kikombe cha ushirika kanisani, au akae pembeni mpaka awe safi. Wachungaji waliomo humu watakupa ya kwao. Mimi ni mama muuza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nakujibu kwa ninayoyaona kila siku.

Hilo la kusubiri uwe safi ndiyo litakutoa kanisani kabisa. Nimewaona ndugu wakianza hivyo hivyo: Jumapili moja anapitisha kikombe, inayofuata anakaa benchi la nyuma, baadaye unamkuta saa ya ibada yuko kijiweni. Paulo ameshapanda makanisa, yuko kifungoni kwa ajili ya Injili, na bado anawaandikia Wafilipi (3:12) kwamba hajafika, hajakamilika, anakaza mwendo. Petro naye tunakumbuka kumkana Bwana, tunasahau Wagalatia 2. Pale Pentekoste imeshapita, ni nguzo ya kanisa, lakini kule Antiokia akaacha kula na watu wa Mataifa kwa kuogopa macho ya Wayahudi wenzake, mpaka Paulo akamkemea mbele ya wote. Kukemewa kule hakukumvua utume.

Sasa geuza upande wa pili, maana hapa mwaloni ndipo tunapopotezana. Neno "sisi ni binadamu tu" limekuwa kichaka. Mnajua dagaa wanaoanikwa kwenye chanja na wanaoanikwa chini mchangani hawalingani. Wa mchangani wanabeba mchanga, na mchanga una uzito. Mtu anajua kabisa, anachanganya magunia usiku, asubuhi anamuuzia mgeni aliyetoka Kongo kwa bei ya dagaa wa chanja, jioni yuko kwenye maombi anaomba rehema kwa "udhaifu" wake. Udhaifu gani huo wenye ratiba? Aliyeteleza na aliyejilaza wote wako chini, lakini hesabu zao ni mbili tofauti.

Kwa hiyo swali ninalojiuliza mimi si kama nimekosea, kwa sababu jibu lake nalijua kabla sijauliza. Najiuliza kama kesho nimeshaipangia kosa lake. Mimi mchangani nanunua pia, hasa mvua zikichanganya na chanja zikajaa, ila namwambia mteja: hawa ni wa mchanga, bei yake hii. Wengine wanavuka kwenda meza ya jirani. Inauma, sitakudanganya, hasa kipindi cha mbalamwezi ambapo mitumbwi ya dagaa haiingii ziwani na kila shilingi inahesabiwa.

Na ukishamdanganya mtu, toba yako isiishie magotini. Torati (Walawi 6) ilimtaka aliyemdhulumu mwenzake arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano juu yake, tena siku ile ile anayoleta sadaka ya hatia. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili ya Luka, akaenda mbali zaidi, akasema mara nne. Bwana mwenyewe katika Mathayo 5 anasema uiache sadaka madhabahuni, ukapatane kwanza na ndugu yako, ndipo urudi uitoe. Amesema urudi. Hakusema ukae nyumbani mpaka mwakani.

Hasira kwa mkeo sina maneno mengi, kaka yangu. Muombe msamaha mbele ya hao hao watoto waliokusikia ukifoka. Wanaume wengi wa kwetu wanafoka sebuleni halafu msamaha wanauomba chumbani kwa kunong'ona, na watoto wanabaki na ile kelele tu.

Kuhusu Meza yenyewe, soma 1 Wakorintho 11:28 taratibu. Wengi wanaishia kwenye "mtu ajihoji mwenyewe" wanafunga Biblia. Mstari unaendelea: ajihoji, na hivyo aule mkate na kukinywea kikombe. Kujihoji ni njia ya kuja mezani.

Namba za wateja uliowapunja si unazo kwenye simu? Anza na mmoja kabla ya Jumapili. Mrudishie hela yake, na umweleze ni ya nini, asije akadhani umekosea kutuma.