Ukiwa mwembamba, maliza kazi kabla beki hajakufikia

Kijana mwembamba akipanda timu ya wakubwa, ushauri wa kwanza anaopewa ni aende jimu akaongeze mwili. Mwili una nafasi yake. Lakini wengi hunyang'anywa mpira kwa sababu huanza kuwaza wakiwa wameshaupokea, na beki yuko mgongoni tayari.

Anza na shingo. Tazama nyuma ya bega mara mbili: mwenzako anapojiandaa kupiga pasi, kisha mpira ukiwa njiani. Usimpe beki mgongo wote. Simama kiubavu, pokea kwa mguu ulio mbali naye, na mguso huohuo uusogeze mpira kama hatua moja kwenye uwazi. Ukiuzima chini ya soli, umempa muda wa kufika. Ukiusukuma mita tatu, mtagombania kwa mbio na mabega, na huko ndiko anakotaka mfike.

Itazameni tena fainali ya Kombe la Dunia 2010. Uholanzi waliingia kwa ubabe. Andrés Iniesta, kiungo wa Hispania mwenye urefu wa mita 1.71, aliendelea kuuhamisha mpira kabla hawajamfikia. Dakika ya 109 John Heitinga alimchezea faulo, akapata kadi ya pili ya njano na kutolewa. Dakika ya 116 Iniesta akafunga bao pekee la mchezo.

Kuna wakati utaguswa tu, kwa hiyo ijue Sheria ya 12 ya soka, inayohusu faulo. Unaruhusiwa kuukinga mpira kwa mwili ukiwa karibu kiasi cha kuuchezea, bila kumzuia mpinzani kwa mikono. Naye anaruhusiwa kukupiga bega kwa bega, mradi asifanye hovyo wala kwa nguvu iliyopitiliza. Usimlilie refa kwa hilo. Kunja magoti, tanua miguu kupita upana wa mabega, umwegemee wewe kwanza. Anayesimama wima huanguka kwa kikumbo kidogo, hata awe na kilo 80.

Mazoezini, wekeni mraba wa mita 10 kwa 10, wanne wakimiliki na wawili wakikaba, miguso miwili tu. Kisha mmoja kwa mmoja, beki akiwa mgongoni: sekunde 15, pumziko la dakika nzima, raundi sita. Chagua mpinzani anayekuzidi mwili. Msifupishe pumziko, mchovu hujizoesha kupokea vibaya.

Jimu, siku mbili kwa wiki zinatosha kuanzia: kuchuchumaa na kuinuka, kupiga hatua ndefu goti likishuka, planki (kujishikilia umenyooka juu ya viwiko na vidole vya miguu), kuruka na kutua kwa mguu mmoja. Wengi hukimbilia kifua na mikono, wakaongeza kilo zisizowasaidia kugeuka. Kinachokuweka wima ukigongwa ni mapaja, makalio na kiuno.

Na chenga? Pembeni, karibu na boksi la wapinzani, jaribu bila woga. Ukipoteza, wenzako wapo nyuma yako. Mbele ya mabeki wako mwenyewe, toa pasi.