Kijani kije mwisho: kujenga ardhi ya msitu kwenye diorama ya kivita

Diorama, yaani mandhari ndogo ya modeli juu ya ubao, nyingi za wanaoanza zinafanana. Askari wamepakwa rangi kwa uangalifu, gari limeunganishwa bila pengo, halafu chini yao kuna zulia la kijani. Gundi imepakwa, unga wa kijani umemwagwa, miti mitatu imechomekwa, kazi imekwisha. Mkono wa mjenzi hauna tatizo. Tatizo ni kwamba ameanza na kijani. Ardhi ya msitu hujengwa tabaka juu ya tabaka kutoka chini, na kijani huja mwisho, tena kidogo. Ingia msitu wowote mzito uinamishe kichwa: utaona kahawia, kijivu na weusi wa unyevu. Kijani kiko juu yako.

Nitaeleza kwa mfano mmoja, kwa sababu ushauri wa "msitu kwa jumla" haumsaidii mtu. Mfano wenyewe ni askari wa Keya (King's African Rifles, kikosi cha Waingereza cha Afrika Mashariki) katika bonde la Kabaw, Burma (leo Myanmar), mwaka 1944. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wenye nembo ya kifaru, yule mnyama, begani, walianza kushuka bonde hilo kutoka Tamu mwezi Agosti, masika yakiwa yamekolea. Walikuwemo vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Katikati ya Novemba walikutana na Divisheni ya 5 ya India karibu na Kalemyo, na mwanzoni mwa Desemba wakaiteka Kalewa, kwenye mto Chindwin. Barabara ziligeuka tope hadi chakula na risasi vikawa vinaletwa kwa ndege. Wajenzi wa modeli duniani wametengeneza Normandia na Ardennes, viwanja vya vita vya Ulaya, mpaka zimechosha. Kabaw bado haijaguswa sana, nasi tuna haki nayo kuliko wengi.

Kabla hujagusa gundi, chagua mwezi. Usiruke hatua hii. Kabaw ya Agosti ni matope, maji yaliyotuama, majani mabichi na magugu yanayofika kiunoni. Kabaw ya Desemba mvua imekatika, tope limekauka na kupasuka, magari yanatimua vumbi, na mitiki inaanza kupukutisha majani. Ukichanganya miezi miwili kwenye ubao mmoja, mtazamaji ataona kuna kitu hakikai sawa hata kama hawezi kukitaja. Mimi nachukua Septemba, gari aina ya jipu limekwama kwenye njia ya msituni, askari wanne wanalisukuma.

Kisha piga hesabu. Kipimo kilichozoeleka kwa modeli za kivita ni 1/35, kwa hiyo kila kitu gawanya kwa 35. Mtu wa kimo cha kawaida anakuwa sentimita 5. Umbali kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia ya jipu la Willys ni kama mita 1.24, yaani sentimita 3.5 kwenye ubao. Mtiki wa mita 35 unakuwa mita nzima, na hapo ndipo wengi wanaposhtuka. Huwezi kuweka mti wa mita moja kwenye ubao wa sentimita 30. Basi usiweke mti mzima. Weka shina peke yake, likatwe kwenye sentimita 25 hivi, na uliache liishie hewani. Macho ya mtazamaji yatammalizia. Mti mdogo wenye kichwa cha mviringo, kama wa bustani ya manispaa, unaua diorama ya msitu kuliko kosa lolote la rangi.

Kwa msingi tumia kipande cha plaiwudi, juu yake stairofomu. Ile nyeupe ya chengachenga inayofungia televisheni inafaa, ila inameguka. Ile iliyoshikana, ya kukingia joto kwenye vyumba vya baridi, inachongeka vizuri zaidi. Jihadhari: rangi ya kupuliza na gundi ya viatu huila stairofomu ikabaki shimo. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Chonga ardhi isiwe sawasawa, maana ya msituni haijawahi kuwa sawasawa. Weka mwinamo, shimo palipong'oka mti, na kichuguu kama eneo lako linavyo.

Juu ya stairofomu paka mchanganyiko wa jasi, udongo uliochekechwa kwa chujio la chai, gundi ya mbao na rangi ya kahawia iliyokolea. Rangi iingie humo ndani ya mchanganyiko, si juu tu, kusudi kona ikimeguka siku za usoni isitoe weupe. Udongo ukaange kwanza kwenye sufuria kuukuu hadi ukauke kabisa. Hufanyi hivyo, mayai ya wadudu na ukungu vitaishi kwenye kazi yako, hasa ukiwa mwambao ambako hewa yenyewe ni maji.

Jasi ikiwa bado laini ndipo unapochora historia ya mahali. Chukua gurudumu la ziada la jipu, lilowanishe, livingirishe mara kadhaa kwenye njia ileile, na mara moja au mbili likengeuke pembeni kidogo, kwa sababu dereva wa pili hukwepa shimo la wa kwanza. Tumbo la jipu liko sentimita 22 tu juu ya ardhi, ambazo kwa kipimo chetu ni milimita 6. Mifereji ya magurudumu ikizidi kina hicho, gari limekalia tumbo, na tuta la katikati lazima lionyeshe limekwanguliwa. Bonyeza buti za askari mahali watakaposimama. Mtu anayesukuma gari hazami kwa kisigino, anazama kwa vidole, na tope linafanya mdomo mdogo nyuma ya kiatu. Picha za Burma zilizohifadhiwa na Imperial War Museum ya London zitakusaidia sana hapa. Angalia miguu kabla ya nyuso.

Kama unataka, tandika magogo yaliyopangwa kuikingama njia, kama wahandisi walivyofanya kwenye tope. Vijiti vya milimita 4 vinatosha, vingine vimedidimia upande mmoja.

Sasa majani makavu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo msitu unapopatikana au kukosekana. Tabaka la kwanza ni uozo: makapi ya chai yaliyokaushwa vizuri juani, yakichanganywa na vumbi la mbao lililopakwa kahawia. Hili ndilo linalofunika udongo. Tabaka la pili ni vipande vya majani makavu yaliyosagwa kwenye blenda kuukuu (narudia, kuukuu, msigombane na mtu nyumbani), kisha yakachekechwa yapatikane makubwa na madogo. Tabaka la tatu ni vijiti, tena vingi kuliko unavyodhani. Wanaoanza husahau vijiti kabisa, wakati sakafu ya msitu nusu yake ni vitawi vilivyovunjika.

Tabaka la nne ndilo majani yanayotambulika kwa umbo. Kwa miti ya majani ya kawaida, tuna bahati: vijani vya mjakaranda na mgunga vina urefu wa milimita chache hadi sentimita moja, na vikikauka vinasimama kama majani kamili ya mti wa 1/35. Vilowekwe siku kadhaa kwenye gliserini sehemu moja na maji sehemu mbili, visivunjike kama bisi. Lakini Kabaw ni nchi ya mitiki, na jani la mtiki ni jitu. Lina urefu wa sentimita 40 na zaidi, kwa hiyo kwetu ni milimita 11 au 12 kwa upana wa milimita 7. Aliye Tanzania asibahatishe. Akaangalie mashamba ya mitiki ya Longuza kule Muheza au Mtibwa kule Morogoro. Ni mti uleule. Ataona jani lililoanguka halilali bapa. Linajikunja kingo kuelekea juu, mgongo wake umepauka kuliko uso, na mshipa wa katikati unabaki umenyooka hata jani likiisha kuliwa na wadudu.

Mimi nayakata kwenye karatasi ya kaki, ya bahasha. Kunja ukanda wa karatasi katikati, kata nusu ya umbo la jani kwa mkasi mdogo, fungua: mkunjo wenyewe umekuwa mshipa wa katikati. Paka upande mmoja kahawia yenye wekundu, mwingine kijivu chenye umanjano. Kisha ukilitia unyevu kidogo, lizungushie kwenye kijiti cha meno, likikauka litabaki limejikunja. Baadhi yatoboe kwa sindano. Kwa Septemba hutayahitaji mengi, kwani mitiki bado imevaa majani yake. Yaliyopo chini ni ya kiangazi kilichopita, meusi na yamechakaa. Kwa Desemba, andaa mamia, na ukae na redio.

Kuyashika: mwaga tabaka moja, nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondoshea gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji mara tatu. Sabuni huifanya gundi ipenye badala ya kujikusanya matone juu ya vumbi. Subiri likauke kabisa ndipo uweke jingine. Ukiharakisha, tabaka zote zinakuwa uji. Na usitawanye kwa usawa. Majani hukusanyika kwenye mashimo, nyuma ya magogo, upande wa juu wa shina kwenye mteremko; katikati ya njia inayopitwa na magari hakuna jani zima, kuna vipande vilivyokandamizwa kwenye tope.

Mianzi ni kazi ya kufurahisha, na vifaa viko kwenye ufagio. Njiti ya chelewa ina unene wa milimita 2 hadi 3 chini na inachongoka kuelekea juu, jinsi mwanzi unavyofanya. Fundo kwa fundo acha sentimita moja hivi, na chini kabisa yawe karibukaribu. Zungusha njiti chini ya kisu ichanjike duara, kisha weka uzi mwembamba au tone dogo la supaglu penye chanjo ili fundo litokeze. Paka rangi ya kijani iliyofifia kwa mianzi michanga, ya manjano na kijivu kwa iliyozeeka. Mianzi ya kule huota kwa mafungu, kwa hiyo usiipande mmojammoja. Fungu la kumi na tano, mitatu imevunjika na kuegemea wenzake, linatosha kuziba kona nzima ya nyuma, na tena linaficha kuwa ubao umeishia pale.

Mashina ya mitiki nayatengeneza kwa fimbo ya mbao yenye unene wa sentimita 2, imepakwa gundi na vumbi laini la mbao, kisha ikachorwa mistari mifupi ya wima kwa sindano. Tawi halisi linaonekana wazo zuri, lakini magamba yake mara nyingi ni makubwa mno kwa 1/35. La muhimu ni kitako. Mtiki mkubwa hutanuka na kufanya mikunjo pale unapoingia ardhini. Shina lililochomekwa wima bila kitako ni nguzo ya umeme. Tanua kwa putti, tandaza mizizi miwili mitatu ya nyuzi za makumbi ya nazi, na irundikie majani.

Kijani sasa. Nyuzi za katani zilizopakwa rangi ndizo nyasi zangu. Shika kifungu, kata chini, chovya kwenye gundi, panda. Weka penye mwanga, yaani kando ya njia. Ndani ya kivuli weka chache. Kwa kuvu na ukoga, saga sponji ya godoro na maji na rangi kwenye blenda ileile, kamua, kausha, nyunyiza kwenye magogo yaliyolala na vitako vya miti. Waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye kebo ya zamani unakuwa mtambaa. Kijani kiwe cha aina tatu angalau, vyote vimefifishwa kwa kahawia au manjano. Kijani kinachotoka kwenye chupa moja kwa moja hakipo msituni.

Ukimaliza ardhi, chukua mchanganyiko uleule wa tope uliobaki, uupake kwenye magurudumu, chini ya jipu, kwenye buti na suruali hadi magotini. Usiununue mwingine wa rangi nyingine. Hapo ndipo gari na ardhi vinapokuwa vya mahali pamoja.

Maji yanabaki mwisho, na mpangilio wake haubadiliki. Puliza kwanza vanishi isiyong'aa juu ya kazi nzima, uue mng'ao wa gundi. Ndipo umimine epoksi kwenye mifereji ya magurudumu, kwa vimo vya milimita 2 au 3, kila kimoja kikauke kabla ya kingine, maana epoksi nene hutoa joto. Itie tone la rangi ya kahawia: maji ya barabarani wakati wa masika hayaonyeshi chini. Hakikisha ubao umelala sawasawa mezani, kwa sababu dimbwi lililoinama upande mmoja litaonekana hata na mtoto. Pembeni mwa dimbwi, upana wa milimita chache, paka vanishi inayong'aa iliyozimuliwa, tope lionekane limelowa, kisha liache lififie kadiri unavyokwenda mbali na maji.