Kabla hujaandika kanuni za mapambano, nunua tikiti maji

Mchezo wangu wa mezani, wachungaji wa Ugogo wanaolinda ng'ombe dhidi ya simba, nusura ufe kwa sababu ya rungu moja. Niliandika hivi: uzito wa silaha ukiongezeka maradufu, na madhara yawe maradufu. Jumamosi mbili tu chini ya mwarobaini hapa Nkuhungu, Dodoma, kila mchezaji akawa na rungu la kilo 3, mikuki ikabaki kwenye boksi.

"Kaka, kwani huyu mchungaji mkono hauchoki?" mdogo wangu akauliza.

Hapo ndipo niliporudi kwenye fizikia. Nishati mwendo ni nusu ya masi mara mwendokasi kipeo cha pili. Rungu la kilo 1 likienda mita 10 kwa sekunde lina jouli 50. Lifanye kilo 2 kwa mwendo uleule, unapata 100. Libaki kilo 1 ila liende mita 20, unapata 200! Lakini mkono ni uleule, na misuli ina kikomo, kwa hiyo rungu zito huja polepole. Nakushauri kikomo hicho ukiandike kwa mchungaji, si kwa silaha. Uzito uamue tu anachelewa kiasi gani kupiga tena.

Kuchoma ni habari nyingine kabisa. Nilinunua tikiti soko la Majengo, nikaliweka juu ya mizani, nikashika msumari wa inchi 4 kwa koleo. Nilipokandamiza kwa kichwa cha msumari, mshale wa mizani ulipanda na ganda likabonyea basi. Nikageuza ncha. Ganda likagoma kidogo, kisha pwa! Msumari ukazama hadi koleo likagusa ganda, na mshale ukarudi chini palepale.

Hiyo ni kanieneo: kani kugawanya kwa eneo. Niutoni 500 kwenye ncha ya milimita 1 ya mraba ni 500 kwa kila milimita ya mraba. Zitandaze kwenye milimita 500 za mraba, inabaki 1. Ngozi nayo ni kama lile ganda: ikishatoboka, nyama ya ndani haizuii sana.

Kwa hiyo mkuki usipunguze uhai kidogo kidogo kama rungu. Ipe ngozi kizingiti. Dadu isipofika, ni mchubuko; ikifika, hesabu kina. Mkuki ukigonga mfupa, ncha inakuwa butu na kizingiti kinapanda kwa 1, mpaka mchungaji apoteze zamu nzima akinoa.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alikuwa ananoa, simba yuko hatua nne kutoka zizini. Tuliitwa kula mara mbili, hakuna aliyenyanyuka.